Shimo la Kiganja

Si ufa ulioniambia.
Ufa tuliuzoea. Ulianzia kizingitini
ukapanda hadi darini kama mjusi asiye na haraka.
Kila Desemba tuliusiriba kwa udongo na samadi,
kila Aprili mvua ya Vihiga ikaufumbua.
Tuliziba ufa, na bado tunajenga ukuta:
waliotunga methali hawakufika huku.

Wala si bati. Bati lilitoboka juu ya mafiga,
mama akatega sufuria bovu chini ya tundu,
akasema maji ya kuoshea vyombo
siku hizi yanajileta yenyewe.

Wala si moshi, ule mwenyeji wetu,
uliokwenda nami shule ndani ya sweta
hata mwalimu akijua, kabla sijaketi,
kuni za nyumbani zilikuwa mbichi.

Mimi ni fundi cherehani. Pale Mbale,
barazani kwa Ndeda, nashona sare za shule.
Kiraka nakijua.
Cha kwanza ni busara, cha pili ni subira,
cha tatu unaidanganya nguo.
Ila jiko huwezi kulivua jioni
ukalinyoosha mwangani utazame lilipochakaa.

Jumamosi nilikuja na kilo mbili za sukari.
Mama hakunisikia. Alikuwa chini, kigodani,
anasonga ugali kwa mikono miwili,
mrenda umeteremshwa kando, unapoa.
Kisha akataka kuinuka.
Akapeleka kiganja ukutani, karibu na kuni,
bila kuangalia,
na kiganja kikaingia
kama mguu kwenye kiatu chake cha zamani.

Ukuta ulikuwa na shimo la mkono wake.
Vidole vitano, gumba limechimba zaidi,
jeusi, laini, linang'aa mafuta.
Akasukuma. Goti likalia. Akapumzika katikati,
si chini, si juu.
Nikaanza kuhesabu: chai, uji, mboga,
maji ya baba ya kuoga, enzi za baba,
mara sita kwa siku, mara saba,
sikufika popote na hesabu ile,
sukari bado iko mkononi.

"Mama, jiko hili limechoka."
Akacheka, kikohozi kikamkata kicheko.
"Jiko liliniambia mwaka juzi.
Nilikuwa nangoja lifike kwako."

Jumatatu nikaja na tepu yangu, ile ya kupimia viuno,
nikamsimamisha mama uani kama mteja:
sakafu hadi kiwiko, inchi thelathini na saba.
Meko yaje chini ya hapo kidogo, asiiname.
Adagala mwashi akaguna.
Jiko, anasema, hupimwa kwa futi, halipimwi kwa mtu.
Nikamwambia, wewe andika.

Mama naye ana yake.
Dirisha litazame njia ya kwa Kavugwi,
maana habari zote hupita pale.
Sakafu ya saruji, sawa, lakini isiteleze.
Tulipofika kwenye bomba la kutolea moshi
akanyamaza, akainua kidole juu,
kwenye mahindi ya mbegu yaliyoning'inia darini
meusi kama kunguru, hayana tundu hata moja.
"Moshi wote mkiutoa nje,
hizi nizitundike wapi? Fukusi mtawaambia nini?"
Adagala akajikuna sikio kwa penseli.
Mimi pia sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Kesho asubuhi wanabomoa.
Usiku huu nimeingia na tochi, peke yangu,
nikatia mkono kwenye lile shimo.
Kidole cha kati kimezidi, hakienei.
Gumba limekaa.
Nimeegemea pale, nimesimama tu,
sina cha kuinukia,
hadi sauti yake ikaja kutoka uani:
ukimaliza kupapasa huo ukuta
nitolee hiyo sufuria,
mawingu yanatoka upande wa Maragoli.